Nani Mwenye Nanga? Uhakiki wa Dhana ya Sanaa za Jadi katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

Utangulizi

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga sheria tatu ambazo ni nadra kusomwa pamoja. Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zilipanga upya mamlaka juu ya udongo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7, ilipanga mamlaka juu ya tungo. Kwa hesabu ya namba sheria hizi ni majirani, lakini kwa fikra zimeachana sana. Sheria ya vijiji inamtaka anayehitaji ardhi ya kijiji apite kwenye halmashauri ya kijiji, na halmashauri nayo haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Sheria ya hakimiliki, inapofika kwenye sanaa za jadi, haimweki mwanakijiji mahali popote penye uamuzi. Anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili huomba idhini kwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kwa hiyo, ardhi ya kijiji cha Ihangiro ina mkutano wa kuisemea, ilhali utendi unaoimbwa juu ya ardhi hiyohiyo unasemewa na ofisi iliyoko Dar es Salaam.

Makala hii inahakiki mpangilio huo kwa kutumia utendi wa nanga wa Wahaya, hususani wa Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Mjadala kuhusu taasisi za umma kumiliki na kutoa leseni za miliki bunifu huachiwa wanasheria, nao huuliza iwapo taasisi husika ina wataalamu, fedha na kanuni za kutosha. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yanaliruka swali linalotangulia. Kabla ya sheria kumpa mtu au ofisi mamlaka juu ya utungo, ni lazima iwe imekwisha kuamua utungo huo ni kitu gani na ulitoka wapi. Uamuzi huo ni wa kifasihi. Makala inadai kwamba katika suala la nanga uamuzi huo ulifanywa kwa kufuata nadharia ambayo utafiti wa fasihi ya Wahaya ulikuwa umekwisha kuitia shaka zaidi ya miaka kumi kabla ya sheria kupitishwa.

Sheria inaliona nini?

Vifungu vya sanaa za jadi katika sheria ya 1999 havikuzuka Dodoma wala Dar es Salaam. Vinafuata kwa karibu Vifungu vya Mfano vilivyotolewa na UNESCO na Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) mwaka 1982, ambavyo navyo vilitanguliwa na Sheria ya Mfano ya Tunis ya mwaka 1976. Shabaha ya nyaraka hizo ilikuwa ya heshima. Nchi zilizotoka kupata uhuru ziliona nyimbo, vinyago na ngoma zao zikirekodiwa na kuuzwa Ulaya na Marekani bila jina la chimbuko kutajwa na bila senti kurudi. Hakimiliki ya kawaida haikuweza kusaidia kwa kuwa inataka mtunzi anayejulikana, na inaisha baada ya muda. Kwa Tanzania, miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Utungo usio na mtunzi hauna wa kumsubiri afe.

Suluhisho likawa kuunda haki ya aina ya pekee. Sanaa za jadi zikaelezwa kuwa ni matokeo ya urithi wa kisanaa uliokuzwa na kutunzwa na jamii kizazi baada ya kizazi, au na watu binafsi wanaoakisi matarajio ya jamii hiyo. Haki hiyo haina kikomo cha muda. Kwa kuwa jamii haikuhesabiwa kuwa na uwezo wa kusimama mahakamani wala kutia saini mkataba, ikatafutwa taasisi ya kusimama badala yake. Ghana, katika sheria yake ya mwaka 2005, ilimkabidhi Rais haki hizo kwa niaba ya wananchi. Tanzania ilichagua BASATA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984.

Si kila umiliki wa taasisi ya umma una tatizo hili, na ni vyema tofauti hiyo iwekwe wazi mapema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 kupitia Oxford University Press, hakuna aliyestaajabu kuona hakimiliki ikiwa ya taasisi. Wanaleksikografia walikuwa waajiriwa. Walilipwa mishahara ili kamusi iandikwe. Matokeo ya kazi ya mwajiriwa kwa kawaida humwendea mwajiri. Mnyororo kutoka kwa mtenda kazi hadi kwa mmiliki unaonekana pingili kwa pingili. Katika nanga hakuna pingili inayomwunganisha manju na Baraza. Hakuajiriwa nalo wala hakuliuzia kitu, na wengi wa waliomfundisha walikwisha kufa kabla Baraza halijazaliwa.

Manju ana jina

Nanga inayozungumzwa hapa si ile ya meli. Wahaya huiita enanga: ala ya nyuzi iliyochongwa kwa ubao wenye umbo la hori, ambayo manju huipakata na kuipiga huku akighani. Zamani manju mashuhuri walikuwa na nafasi katika nyua za abakama, watawala wa himaya ndogondogo kama Ihangiro, Kianja, Kyamutwara na Kiziba. Utawala wa jadi ulipofutwa baada ya uhuru, ua ukaondoka lakini ala ikabaki, ikahamia kwenye harusi, vilabuni na katika sherehe za wenye uwezo. Miongoni mwa tendi zinazojulikana ni Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha, huyu wa mwisho akiwa ndiye mungu wa ziwa.

M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizi kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, baada ya kuuliza katika makala ya mwaka 1983 iwapo manju wa nanga ni wasanii wa utendi kwa maana kamili. Mjadala alioingia ulikuwa mkubwa: wapo wataalamu wa nje walioshikilia kwamba Afrika haina utendi. Hata hivyo, katika kulijibu swali hilo, uchunguzi wa aina yake ulithibitisha jambo la pili ambalo kwa makala hii lina uzito zaidi. Utendi wa nanga hauishi nje ya manju. Kisa kinaweza kurithiwa, lakini mpangilio wa matukio, urefu, taswira, vidokezo vinavyowalenga waliohudhuria, mahali pa kunyamaza na kuiachia ala iseme, vyote ni kazi ya mtu mmoja katika usiku mmoja. Hadhira ya Wahaya hailijui jina la Rukiza tu. Inajua pia ni Rukiza ya nani, na inaweza kubishana usiku kucha juu ya nani aliighani vizuri zaidi.

Hoja hiyo inakuwa nzito zaidi katika ebyebugo, majigambo ambayo mtu hujitungia na kuyatamka kujisifia mwenyewe, zamani mbele ya mukama. Katika makala yake ya “Tanzu za Fasihi Simulizi” iliyochapishwa katika Mulika Na. 21 (1989), Mulokozi aliyapa majigambo nafasi ya utanzu unaojitegemea. Mtunzi wa majigambo ndiye mhusika mkuu na ndiye msemaji. Nafsi ya kwanza ndiyo sharti la utanzu. Kuyaita majigambo kazi ya jamii isiyo na mtunzi ni kama kuiita barua ya mtu kazi ya posta.

Mtetezi wa sheria anaweza kujibu kwamba tafsiri ya sanaa za jadi imewataja pia watu binafsi. Ni kweli, lakini inawataja kama wanaoakisi matarajio ya jamii. Mtu anaingizwa ndani ya tafsiri kwa kadiri anavyofanana na wenzake, si kwa kadiri anavyotofautiana nao. Hiyo ndiyo nadharia ya karne ya kumi na tisa ya Ulaya, iliyodhani kwamba wakulima huimba kwa kinywa kimoja. Iliingia katika Vifungu vya Mfano vya 1982 bila kutajwa jina, na mwaka 1999 ikaingia katika sheria za Tanzania huku tasnifu iliyoikanusha ikiwa kwenye rafu za maktaba ya Mlimani.

Matokeo yake si ya kinadharia tu. Kwa mantiki ya vifungu hivi, kinacholeta sharti la idhini ni mambo mawili yakikutana: nia ya kupata faida, na matumizi nje ya mazingira ya kijadi. Asili ya mtumiaji haiulizwi. Manju wa Muleba akighani Kachwenyanja arusini yuko huru. Akiingia studio Bukoba mjini ili auze rekodi ya Kachwenyanja ileile, masharti yote mawili yametimia, na anakuwa mwombaji wa leseni ya kazi aliyofundishwa na baba yake.

Mfano wa nyarubanja

Historia ya Kagera ina neno la hali inayofanana na hii. Katika mfumo wa nyarubanja, mukama alimpa ndugu au mpendwa wake eneo ambalo tayari lilikuwa na watu na vibanja vyao vya migomba. Walioamka asubuhi wakiwa wenye vibanja walilala wakiwa watwarwa, wenye wajibu kwa bwana ambaye hakuwahi kuipanda hata mgomba mmoja. Serikali ya Tanzania huru iliuondoa mfumo huo kwa sheria ya mwaka 1965, na watwarwa wakawa wenyewe.

Ulinganisho huu una mipaka. BASATA haichukui ngemba wala siku za kazi kutoka kwa manju yeyote, na lengo la sheria lilikuwa kumzuia mgeni, si kumtoza mwenyeji. Kinachofanana ni umbo la haki: imetolewa kutoka juu, imewekwa juu ya kazi inayoendelea, na aliye ndani yake hakuulizwa. Linalofanya ulinganisho uwe mgumu kuupuuza ni kwamba taifa lilelile lililouona ubaya wa umbo hilo katika ardhi halikuliona katika utungo.

Kuna tofauti nyingine isiyoipendelea sheria ya 1999. Bwana wa nyarubanja hakuwa pia mkaguzi wa maneno ya watwarwa wake. BASATA ni mlezi wa sanaa, msajili wa wasanii na msimamizi wa maadili kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Baraza liliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu za maadili. Makala hii haina haja ya kuamua iwapo uamuzi huo ulikuwa sahihi. Inatosha kuona kwamba mkono unaofungia nyimbo ndio uliopewa kutoa idhini ya tendi. Nanga ni sanaa yenye kejeli. Manju aliyemsifu mukama alijua pia kumchoma, na hadhira ilikuwa ikiusubiri mchomo. Mwenye mamlaka ya kuruhusu utungo, akiwa pia na mamlaka ya kuunyamazisha, anaufanya ujiandae kumpendeza.

Kwa upande wa pili, haitoshi kusema “haki irudi kwa jamii” na kuishia hapo. Jamii ipi? Mugasha wa Wahaya ndiye Mukasa wa Waganda, na ziwa halikuwahi kuutambua mpaka wa Mutukula. Kijiji kimoja cha Muleba hakiwezi kudai Rukiza peke yake dhidi ya kijiji cha Bukoba Vijijini. Protokali ya Swakopmund ya mwaka 2010, iliyopitishwa chini ya shirika la kikanda la miliki bunifu, ARIPO, inatambua kwamba wenye haki ni jamii zenyewe, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inafuata njia hiyo huku ikizipa serikali za kaunti kazi ya kutunza daftari la urithi. Hatua hizo zinasogeza umiliki karibu na nyumbani. Bado hazimfikii manju, kwa kuwa zinabadilisha mwenye haki bila kubadilisha maelezo ya kitu chenyewe. Utungo unabaki hauna mtunzi. Umebadilisha tu mlezi. Kwa hiyo funzo la Sheria ya Ardhi ya Vijiji halimo katika kijiji kama kipimo cha eneo. Limo katika utaratibu: kwamba kuna watu wanaojulikana, ambao bila sauti yao jambo haliendi.

Kutoka Kagera hadi “Salome”

Wimbo mmoja wa Kagera unaonesha jinsi sheria inavyofanya kazi vizuri mahali fulani, na kwa nini hilo lenyewe ni dalili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, mwimbaji kutoka Bukoba, alivuma nchini na nje kwa “Maria Salome”, wimbo ambao wengi waliuita “Chambua kama Karanga”. Aliimba Kihaya kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua Kihaya, juu ya mdundo wenye mizizi katika ngoma za nyumbani kwake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa “Salome”, uliojengwa juu ya wimbo huo.

Kisheria, hatua hizi mbili hazifanani. Vifungu vya sanaa za jadi vinaruhusu kuazima kutoka katika urithi ili kuunda kazi mpya ya mtunzi. Kwa hatua hiyo idhini ya Baraza haihitajiki. Msanii anayechota kutoka ngoma ya Kagera na kutoka na wimbo wake anakuwa mtunzi kamili mwenye hakimiliki. Anayeujenga upya wimbo huo baada ya hapo hushughulika na mwenye hakimiliki, si na BASATA. Hapa mfumo uko wazi na hauhitaji lawama.

Sasa arejeshwe manju wa nanga na awekwe kando ya mwimbaji huyo. Yeye hakuazima kipande ili aachane na urithi. Ameutawala urithi wote na kuuendeleza ndani ya kanuni zake. Ustadi wake unapimwa kwa uaminifu na ubunifu kwa pamoja. Ni ubunifu huo hasa ambao sheria haiuoni, kwa kuwa haukujitenga. Kadiri msanii anavyotoka nje ya jadi ndivyo sheria inavyomtambua kuwa mtunzi. Kadiri anavyobobea ndani yake ndivyo inavyomgeuza kuwa kipaza sauti cha wengine. Kinachombakia manju ni haki ya mtendaji juu ya utendaji wake, ambayo ni haki juu ya sauti na si juu ya maneno. Mkataba wa WIPO wa mwaka 1996 kuhusu watendaji na rekodi za sauti uliwahesabu pia wanaotenda sanaa za jadi miongoni mwa watendaji. Hatua hiyo ni ya maana. Lakini manju ambaye utungo wake umenukuliwa kwa maandishi na kuchapishwa, sauti yake ikiachwa nje, haki hiyo haimgusi.

Juu ya tabaka hizo mbili kuna la tatu, la rekodi. Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na muziki wa Wahaya umo katika rekodi hizo. Makusanyo yake yako leo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilizunguka mikoani na mashine zake, na kanda zake zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Mmoja ni mtu binafsi wa enzi ya ukoloni, mwingine ni chombo cha taifa huru, lakini kwa manju matokeo yanakaribiana: aliyeshika mashine ndiye mwenye kanda.

Kiambatisho

Sharti mojawapo la sheria ya 1999 lingeweza kuwa na manufaa makubwa kuliko leseni zote. Anayechapisha sanaa ya jadi anatakiwa kutaja chimbuko lake, yaani jamii au mahali ilikotoka. Mhariri wa kitabu cha shule anayeandika “utendi wa Wahaya, Kagera” chini ya dondoo ametimiza wajibu. Ametaja kabila na mkoa, naye manju aliyeughani ameachwa bila jina.

Lakini kabla ya kumlaumu mhariri au Baraza, uhakiki unapaswa kugeukia vyuo vikuu, kwa kuwa navyo ni taasisi za umma zinazotoa leseni. Tasnifu ya fasihi simulizi inayokusanya data Bukoba au Muleba huja na kiambatisho: matini ya utungo kwa Kihaya na tafsiri yake kwa Kiswahili, pengine kurasa nyingi kuliko sura ya uchambuzi. Tasnifu inapowekwa katika hifadhi huria, kiambatisho nacho huwekwa, chini ya masharti ambayo mtahiniwa na chuo wamekubaliana. Mtu yeyote duniani anaweza kukipakua. Tamko la hakimiliki katika kurasa za mwanzo huwa la mtahiniwa, na ruhusa ya kusambaza huwa ya chuo. Manju si upande katika makubaliano hayo. Alichotia saini, kama alitia, ni fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti.

Na katika fomu hiyo huahidiwa kwamba jina lake halitatajwa. Kanuni ya kuficha utambulisho ilizaliwa katika tiba na sayansi za jamii, ambako kumtaja mgonjwa au shahidi kunaweza kumdhuru. Ikihamishiwa kwenye fasihi bila kuulizwa, inamgeuza mtunzi kuwa “Msailiwa Na. 4, me, miaka 71, Muleba”. Utendi wa dakika arobaini, wenye utangulizi ambamo manju kwa desturi hujitambulisha mwenyewe, unaingia katika kumbukumbu ya kitaaluma ukiwa umefutwa mtunzi kwa jina la maadili. Mtafiti wa sheria akija baadaye kutafuta ushahidi kwamba tungo za Wahaya hazina watunzi, ataupata humo, kiambatisho baada ya kiambatisho.

Mtahini anayeisoma kazi ya namna hiyo ana nafasi ambayo Bunge na Baraza hawana. Anaweza kuuliza iwapo fomu ya ridhaa ilimpa manju chaguo la kutajwa. Anaweza kutaka kila matini ibebe jina la aliyeighani, mahali na tarehe ya utendaji, pamoja na jina la aliyemfundisha pale manju anapolitoa. Anaweza pia kutaka kiambatisho kitenganishwe na sura za uchambuzi katika hifadhi huria, kila kimoja na masharti yake ya matumizi, ili manju aliyekubali kusikilizwa na watafiti asihesabiwe kuwa amekubali kuchapishwa na kila anayepita. Hakuna lolote kati ya hayo linalosubiri marekebisho ya Sheria Na. 7, wala kibali cha BASATA.